Kibuyu Kilichoharibu Picha ya Baba

Boito,
S.L.P. 73, Bomet.
18 Agosti 1996.

Mpendwa shemeji Kimeli,

Hamjambo huko Francistown? Chepchirchir na watoto ni wazima? Sisi hapa tuko salama kwa neema ya Mungu, ila mvua ya mawe ilipiga majani chai juzi na ndugu yako Kiplimo ananuna tangu hapo, utafikiri mimi mkewe ndiye niliyeinyesha. Naandika Kiswahili maana Kipsigis yangu ya kuandika uliicheka mbele ya watu. Sijasahau!

Najua unachotaka ni habari ya Baba. Baba ni mzima. Lakini acha nieleze yote, kwa sababu kosa lilikuwa langu na afadhali ulisikie kwangu kuliko kwa Kiplimo.

Unajua mwaka jana alipopasuliwa Nairobi, ule mshipa mkubwa wa tumboni uliokuwa umevimba, wakamwekea bomba la kitambaa. Daktari alisema lazima awe akipigwa picha ya tumbo kila mwaka, ile ya ultrasaundi, ili mshipa ukianza kuvimba tena karibu na mshono waone mapema kabla haujapasuka. Siku yenyewe ilikuwa tarehe sita, huko Nakuru. Karatasi ilisema asile kitu tangu jioni. Kiplimo alikuwa kwenye kituo cha majani chai, basi nikaenda na Baba mimi.

Asubuhi ile nilifanya kama marehemu Mama alivyonifundisha. Nilipoolewa hapa, binti wa Ondieki kutoka laini za wafanyakazi wa kiwandani, sikujua hata kushika kibuyu. Mama ndiye aliyenionyesha kukisugua ndani kwa mkaa wa mti wa senetwet mpaka maziwa yatoke na rangi ya majivu. Na hakuna aliyetoka nyumba hii kwenda safari bila kunywa mursik, hayo maziwa lala ya kibuyuni, pale mlangoni. Nakuona bado, ukirudi shule Londiani, umeshika sanduku la bati, masharubu meupe mdomoni, na Mama anacheka. Kile kidogo ulichobakiza kibuyuni hakuna aliyekigusa. Kilikuwa chako mpaka shule ifungwe. Ee, siku zile! Nyumba ilijaa watu, na sasa nikipika ugali nabaki nao.

Basi nikampa Baba kibuyu, akanywa mlangoni, tukaondoka. Wala hatukufikiri. Hapa kwetu nani huita mursik chakula?

Hospitalini dada wa mashine, anaitwa Aoko, alimpaka ute baridi tumboni, akatembeza kile kidude, akakunja uso. Aliona hewa tele tumboni.

"Mzee, umekula nini?"

"Sijala tangu jana, mama."

"Hata chai?"

"Hata chai."

Hapo nikakumbuka kibuyu. Nikasema ukweli. "Mursik! Na mnasema hajala!" Aoko alicheka, kisha akaacha kucheka. Akasema anaona kivuli chini ya mshono, na kwa hewa ile hawezi kujua kama ni uvimbe ama si kitu. Turudi baada ya wiki.

Shemeji, wiki hiyo sitaki kuirudia maishani. Baba akikohoa tu, naacha nilichoshika. Naye akagoma kurudi, eti hasikii maumivu, eti amechoka kupakwa vitu baridi na wasichana. Mwishowe nililia mbele yake bila haya. Nikamwambia nimeshamzika Mama, sitamzika yeye kwa sababu ya kibuyu changu. Akasema sawa, ataenda, lakini kibuyu kiende pia, kimefungwa, atakunywa akitoka.

Tarehe kumi na tatu nikakibeba kwenye kikapu mpaka Nakuru. Safari hii picha ilionekana vizuri. Aoko akapima juu, akapima chini, akaita daktari. Nilikuwa nikiomba kimoyomoyo na sijui hata nilichosema. Daktari akaangalia muda mrefu, akasema kile kivuli kilikuwa hewa tu. Mshono umeshika, hakuna uvimbe. Arudi mwaka ujao mwezi kama huu.

Tukakaa kwenye benchi nje. Baba akanywa, akafuta mdomo, akatikisa kibuyu akisikiliza. Nikamwambia amalize. Akakifunga.

"Hii iliyobaki ni ya Kimeli," akasema. "Mwaka ujao atanileta yeye."

Hatujakuona tangu kabla ya mazishi ya Mama, na sikulaumu, kazi ya watu ni kazi ya watu. Lakini nimekitundika pale pale Mama alipokuwa akikitundika, na Baba hukitazama kila asubuhi kabla ya kwenda kwa ng'ombe.

Nisalimie Chepchirchir na watoto, uwaambie mama yao mkubwa wa Boito anawapenda hata kama hawamjui. Kiplimo anakusalimu licha ya kununa, na babangu Ondieki pia. Mungu awafunike huko ugenini, asipungue hata mmoja.

Shemeji yako akupendaye na kukukumbuka,
Bilhah.

N.B. Mursik haiwezi kukaa mwaka mzima, wewe unajua. Nitakuwa nikiimwaga na kutia nyingine, Baba asijue. Wewe njoo tu.