Aruna Hana Mke

Rumonge, 12 Mfungo Mosi 1328

Kwa shemeji yangu Amuri, Ujiji.

Assalamu alaikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima. Sisi huku hatujambo. Mama miguu inamsumbua, anasali kwa kukaa. Mwanao Mwamini ametimiza miaka tisa na chuoni ameanza juzuu ya pili. Mwezi huu ndagala ni wengi, watu wanawaanika hadi uani kwa jirani.

Nina jambo moja la kukuuliza. Wachuuzi wa mawese waliorudi kutoka huko walikuwa barazani kwa Mzee Radjabu wakisimulia hadithi yako ya Aruna. Wanasema watu wanatoka mbali kuja kukusikiliza. Aruna anavuka ziwa peke yake kutafuta dawa ya malale, anapigana na mamba, mfalme anataka kumwoza binti yake, naye anakataa: "Sina mke na sitaki mke, kasia langu lanitosha." Wanaume walishangilia sana hapo. Mwamini alikuwa ameketi nami nyuma ya pazia. Akaninong'oneza, "Mama mukubwa, huyo si baba? Mbona hana mke?"

Hadithi ni yako, nijibu wewe.

Shemeji yako,
Asiya binti Shafii


Ujiji, 9 Mfungo Pili 1328

Kwa shemeji yangu Asiya.

Waalaikumu salaam. Mimi sijambo, kifua tu kidogo kwa vumbi la huku. Mpe mama pole ya miguu. Barua yako ilinifurahisha kuliko unavyodhani, miaka minne sijaona mwandiko wa nyumba ile.

Swali lako ni jepesi kwa mtu wa kazi hii. Msikilizaji akijua shujaa ana mke, hamtazami tena shujaa. Wimbi linakuja, yeye anamfikiria aliyebaki nyumbani: amekula nini, nani anamtekea maji. Hadithi inazama hapo hapo. Tena mtu anayependa huogopa kufa, na anayeogopa kufa hatamkabili mamba. Wasimulizi wote niliowasikia hufanya hivyo hivyo. Shujaa wao hula peke yake na kulala peke yake, na ndiyo maana watu wanamwamini. Mapenzi tuyaachie nyimbo za harusi.

Mzee Radjabu amenialika kwa maulidi, nisimulie hapo kwake. Nimeshapata nyumba nzuri karibu na soko. Nikirudi nataka kurudi na mwanangu, kwa hiyo mtayarishe.

Shemeji yako,
Amuri


Rumonge, 28 Mfungo Pili 1328

Kwa Amuri.

Salaam. Sisi wazima.

Nilipomaliza kusoma jibu lako nilinawa mikono. Mdomoni nilihisi kama nimetafuna ndagala waliooza. Amekula nini, nani anamtekea maji: umeandika maneno hayo mwenyewe, kwa mwandiko ulionyooka, wala kalamu haikukwama. Basi nikuambie. Alikula uji, ulipokubali kupita. Maji nilimtekea mimi.

Dada yangu Thuwaiba alipoanza kusinzia akiwa na tonge mkononi, wewe ulituambia pale ufukoni kwamba unakwenda kutafuta dawa na utarudi kabla mwezi haujaandama. Mtumbwi wa nyumba ulikuwa mmoja, ukaupanda. Wadachi walipofungua kambi ya wagonjwa wa malale, tulimbeba kwa machela siku mbili, mimi na wanaume wa Minago tusiowajua. Hukurudi akiwa hai, wala hukuja matangani.

Usinifundishe kazi ya wasimulizi. Aruna hana mke kwa sababu angekuwa naye, watu wangeuliza alimwacha wapi.

Ukitaka Mwamini, njoo usimulie kwa Radjabu, na umtie mama yake humo. Baada ya hapo ndipo tutazungumza.

Asiya, dada wa Thuwaiba


Rumonge, 25 Mfungo Sita 1329

Amuri,

Ulinijibu kwa mdomo wa Idi mchuuzi: "Mwambie nitamutia." Kweli ukaja, na kweli ukamtia.

Nilikuwa nyuma ya pazia na wanawake wenzangu, Mwamini ubavuni. Nilikusikia ukisema kwamba Aruna alikuwa na mke mwema, akashikwa na malale, na alipokuwa anakata roho alimshika Aruna mkono akamwambia, "Nenda, mume wangu, ukawaokoe wengine, mimi niachie Mungu." Kisha akafumba macho akitabasamu. Watu wazima walilia. Radjabu akakuvika kanzu mpya. Mimi nilitoka na Mwamini, tukarudi nyumbani.

Thuwaiba hakutabasamu. Alijikojolea. Alinipiga usoni akidhani mimi ni wewe. Kila akizinduka aliuliza kama mtumbwi umefika, siku nenda siku rudi, mpaka asubuhi moja hakuzinduka.

Bora ungemwacha nje ya hadithi yako. Huko nje alijimiliki mwenyewe. Sasa umemfanya akupe ruhusa.

Mwamini aliniuliza kama ni kweli mama yake alisema hivyo. Nikamwambia hapana, nikamweleza yote. Hakulia. Ulipokuja kumchukua, yeye ndiye aliyeomba mlango ufungwe, na ndiyo maana ulibisha mpaka ukachoka. Haji Ujiji. Nimeichoka hata sauti yako.

Asiya


Ujiji, 3 Mfungo Tisa 1329

Shemeji,

Sikuulizii hali, najua hutaki salamu zangu. Kuhusu Mwamini umefanya sawa. Barua hii msomee au ichome, utaamua wewe.

Tangu nirudi nimeisimulia hadithi ile mara mbili. Mara ya pili nilipofika kwenye maneno ya yule mke, nilikatiza. Niliwaambia watu naumwa, nikaingia ndani.

Sikuwa nakwenda kutafuta dawa. Hilo niliwaambia ninyi ufukoni. Nilikuwa namkimbia. Nilikuwa nachukizwa na mate yake, na harufu ya mkeka, na vile alivyokuwa akinitazama bila kunijua. Nilichukizwa na mke wangu, Asiya, naye alikuwa hajafanya lolote ila kuugua.

Asubuhi ile nilikusanya vitu vyangu polepole nikidhani amelala. Alikuwa macho. Alikuwa akinitazama tangu nilipoanza, na siku hiyo alinijua. Hakuuliza ninakwenda wapi. Alisema, "Chukua na shuka, ziwani kuna baridi."

Shuka lilikuwa moja tu, alikuwa amejifunika yeye.

Nimejaribu kumpa Aruna maneno hayo. Hayakai. Kila nikiyatia, Aruna anatoweka, nabaki mimi nimesimama mlangoni. Shuka lile nililivuta taratibu, kuanzia miguuni, nikaondoka nalo.

Mume wa Thuwaiba,
Amuri