Karatasi ya Pili

Kariobangi, 3 Februari 2024

Mjomba Mahmud, shikamoo.

Natumaini barua hii imekukuta mzima huko Malindi, na lile goti limetulia. Sisi huku twamshukuru Mungu, ingawa nakuandikia nimelala chali. Nimeandika kwa sababu simu hupokei, na kwa sababu marehemu mama alisema uliwahi kufanya kazi na mawakili hapa Nairobi.

Tarehe kumi na tisa Januari nilikuwa nje ya duka langu la kushona, nampimia mteja kitambaa, pikapu iliyobeba mabati ikapanda mpaka mlangoni. Mteja aliruka. Mimi mguu wa kulia ulivunjika mara mbili, wamenitia chuma.

Sasa sikiliza. Siku ya pili wadini, kabla hata mume wangu Hanif hajaruhusiwa kuingia, alikuja mzee wa mvi anayeitwa Shitanda, faili kwapani. Alijua jina langu na nambari ya kitanda. Alinimiminia uji wa moto kutoka kwenye chupa. Akasema ametoka ofisi ya wakili, wao watanifuatilia fidia na mimi sitatoa kitu. Nilitia saini karatasi moja. Kwa maumivu yale, mjomba, ningesaini hata talaka.

Tangu hapo ananipigia simu kila siku kama mchumba. Nifanye nini?

Mpwa wako,
Khawla

*

Malindi, 11 Februari 2024

Marahaba, Khawla mwanangu.

Pole sana, Mungu akuponye. Goti langu liache, mguu wako ndio wenye habari.

Kwanza jiulize: nani alimpa jina lako? Mahali fulani kati ya ajali na kitanda chako kuna mtu ameliuza.

Karatasi ya kwanza inawapa ruhusa ya kukusimamia. Hiyo hutenguliwa. Ogopa ya pili. Ataileta imekunjwa mara tatu, pa kutia saini tu ndipo paonekane. Atasema ni ya faili ya hospitali. Atachagua saa ambayo nyumba imejaa watu, uone haya kuisoma. Hiyo ndiyo hati ya kukubali fidia na kufunga madai. Ukiisaini umeuza mguu wako kwa bei usiyoijua.

Usimpe kitambulisho. Ripoti ya polisi Hanif aichukue mwenyewe kituoni, ikae nyumbani. Wala usimwambie Shitanda ni nani anakushauri.

Mjomba wako,
Mahmud

*

Kariobangi, 25 Februari 2024

Mjomba, shikamoo. Kwema huko? Huku mguu unavimba jioni, lakini kwenye meza ya chakula nafika mwenyewe.

Amekuja. Ilikuwa Jumapili, majirani wamejaa kunijulia hali. Karatasi imekunjwa mara tatu. "Weka tu saini hapa, mama, ni ya faili ya hospitali." Maneno yako, neno kwa neno! Nikamwambia miwani yangu ilivunjika siku ya ajali, aniachie nisomewe. Akaikwapua mkononi mwangu kama aliyegusa pasi ya moto.

Shitanda alipotoka, Hanif alinijia juu. "Si ungesaini tu hiyo kitu tumalizane nayo? Duka limefungwa mwezi mzima!" Nikamsomea barua yako. Akauliza swali ambalo limeninyima raha hadi leo: "Huyo mjomba wako amejuaje hata mikunjo ya karatasi?"

Nami nakuuliza. Umejuaje? Mama nilipokuwa nikimuuliza kwa nini ulihama Nairobi, alikuwa akigeuza mazungumzo.

Mpwa wako,
Khawla

*

Kariobangi, 17 Machi 2024

Mjomba, shikamoo, na Ramadhani njema.

Wiki tatu kimya. Namtuma Hanif kwenye ofisi ya basi zinakofikia barua zako, anarudi mikono mitupu.

Shitanda alikuja tena jana. Nilikosea, nikalitaja jina lako nikidhani litamtisha. Alicheka mpaka akafuta machozi. "Mahmud karani? Mama, huyo ndiye alinifunza hii kazi. Muulize habari za Wangeci."

Hanif hataki barua zako ziingie tena humu ndani. Mimi sijui ni nani kati yenu ananidanganya. Labda nyote. Nijibu, au usiniandikie tena kabisa.

Khawla

*

Malindi, 2 Aprili 2024

Khawla,

Leo sina uso wa kukuita mwanangu. Tuko katika kumi la mwisho la Ramadhani, na mtu hawezi kufunga na uongo kinywani.

Shitanda amesema kweli. Miaka tisa nilikuwa karani wa ofisi ile. Mimi ndiye niliyekuwa nikipita wadini asubuhi na chupa ya uji. Kule kukunja mara tatu ni ufundi wangu.

Wangeci alikuwa akiuza supu kando ya Soko la Burma. Lori lilimsaga mkono. Nilimtia kalamu katika mkono uliobaki, naye akaniita baba. Bima ililipa, ofisi ikala, yeye akapewa pesa za dawa na nauli. Hakujua kama yamekwisha. Kila Jumanne alikuja kuuliza kesi yake imefika wapi, nami nikimjibu kwamba hakimu mgonjwa. Miezi minane, Khawla. Kisha siku moja hakuja, na mimi nikafurahi. Furaha ile ndiyo iliyonitisha. Mwezi ule ule nikahama. Mama yako nilimwambia yote, akachagua kunisitiri.

Basi usiniamini. Barua hii mpelekee wakili ambaye hukuelekezwa kwake na mtu yeyote, mimi nikiwemo. Viko vituo vya msaada wa kisheria vinavyohudumia bure. Hakikisha mwenyewe kwamba jina lake limo katika orodha ya mawakili wenye leseni ya mwaka huu. Akitaka niape mahakamani nitaapa, hata kama nitakayefungwa ni mimi.

Mahmud

*

Kariobangi, 28 Aprili 2024

Mjomba, shikamoo. Natumaini Idi ilikukuta salama.

Barua yako niliisoma nikaitupa chini ya cherehani. Nikaiokota baada ya siku tatu.

Nimempata wakili, Idil Wehliye, katika kituo kimoja cha bure. Jina lake nililikagua mara mbili kabla ya kuketi. Aliisoma barua yako, akanyanyua macho.

"Huyu mjomba yuko hai?"

"Yuko Malindi."

"Atakuja?"

Nikasema sijui.

Aliwaandikia wale watu kwamba hawanisimamii tena. Unajua walijibu nini? Kwamba nimeshakubali fidia, na saini yangu imo katika karatasi ya pili. Mjomba, sijaisaini! Wameichora. Idil anasema tunahitaji mtu aeleze jinsi ofisi ile inavyofanya kazi. Kesi ya kuipinga karatasi hiyo itatajwa mahakamani tarehe sita Juni.

Kama nimekusamehe, sijui. Na la Wangeci si langu kulisamehe. Lakini njoo.

Mpwa wako,
Khawla

*

Kariobangi, 16 Novemba 2024

Mjomba, shikamoo. Safari hii nijibu, maana mara ile nilipokuita hukuandika. Ulitokea tu mlangoni na begi lako, Hanif akakutazama sana kabla ya kukupisha.

Nina habari. Wiki iliyopita hakimu ameitupa ile karatasi ya pili. Mtaalamu wa maandishi alisema saini imechorwa, na kiapo chako cha maandishi kikaeleza imechorwaje. Madai yangu ya kweli ndiyo kwanza yanaanza, lakini yameanza. Shitanda simu yake haipatikani. Wapelelezi watakuita uandikishe taarifa, nawe unajua huenda yakakupata. Idil atakuwa nawe. Nami nitakuja, sasa natembea kwa gongo moja.

Ulimtafuta Wangeci Burma siku mbili, ukarudi peke yako. Sikukuuliza. Hanif bado anamuulizia kule kila akienda kununua nyama.

Kuna jambo sikuweza kukuambia uso kwa uso. Asubuhi ile ofisini kwa Idil, kabla hujaapa, niliomba kiapo chako nikisome. Nilikisoma mstari kwa mstari, nikigeuza nyuma ya kila ukurasa, nikitafuta nafasi iliyoachwa wazi. Hanif aliona haya kwa ajili yako. Wewe ulikaa tu umefumbata mikono. Nilipokurudishia hukukipokea.

"Soma tena," ukasema.

Nikasoma tena.

Mwanao,
Khawla