Karatasi Niliyoibadilisha Ukutani

Shikamoo Mwalimu Ursula. Nimebanwa, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi.

Mimi nachora michoro ya kompyuta kwenye karakana moja ya vyuma huku Zegereni, mwaka wa pili sasa, na mwezi huu tulikuwa na mnara wa tangi la maji wa zahanati moja kule Marui, nguzo zake za mraba ila vya kuzikaza ni mabomba ya duara yanayokatwa mshazari kwenye ncha, sasa mnara mzima niliuchora vizuri tu, tatizo likaja nilipotoa bomba peke yake ili fundi apate karatasi ya kukatia, maana chuma cha mraba ukiionyesha kompyuta ubavu wake kinalala chenyewe, lakini bomba halina ubavu, nikalizungusha kwa jicho mpaka nikaona limekaa sawa, kumbe lilikuwa limejiviringisha kidogo, na mkato wa nyuzi arobaini na tano ukaonekana thelathini na tisa, nami nikaandika thelathini na tisa.

Mzee Hashiru, fundi wetu mkuu, akakata mabomba kumi na mawili kama karatasi ilivyosema. Kuyapachika, upenyo unaingia kidole. Nilipogundua niliogopa mno, wenzangu walipokwenda kula nikachapa karatasi nyingine yenye arobaini na tano nikaibandika ukutani, ile ya kwanza nikaichana, na mzee aliporudi akaisogelea, akaisoma mara mbili, akafikicha macho akasema, "Kumbe arobaini na tano. Macho yangu haya, mama." Bosi hakumfokea sana, lakini mzee mwenyewe ameaga, Jumamosi anakabidhi grinda yake ya kukatia vyuma arudi kwao Vihingo kulima, eti asije akaua watu kwa mnara mbovu, na ndiye aliyenipokea wengine waliponicheka kwamba mtoto wa kike na chuma wapi na wapi. Je, nikinyamaza nikawa makini kuanzia sasa, haitoshi?

Ashura, Zegereni

Marahaba Ashura. Haitoshi.

Kukosea mchoro si dhambi. Nimefundisha uchoraji wa ufundi miaka ishirini na sita, na bomba limewaumbua wengi wenye vyeti kukuzidi. Lakini kuichana ile karatasi ni jambo jingine kabisa. Mzee wa watu alisoma sawasawa, wewe ukamfanya asiyaamini macho yake. Nimekukasirikia, binti yangu, sikufichi.

Tuanze na kazi, maana hiyo ndiyo nyepesi. Usizungushe bomba kwa jicho tena. Halina ubavu, basi litafutie: kwenye mnara mzima weka uso bapa wa kufikirika unaopita katikati ya bomba na katikati ya nguzo linayoegemea, kisha iamuru kompyuta iutazame uso huo ana kwa ana. Hapo mkato utaonekana ulivyo. Na kabla hujachapa, linganisha na kipimo cha mnara mzima; vikipishana, usimpe fundi hiyo karatasi.

Sasa lile zito. Ichape tena ile ya thelathini na tisa. Usianzie kwa bosi, mzee ndiye wa kusikia kwanza. Mwamkie, mpe karatasi na bomba moja lililoharibika, umwache apime mwenyewe. Wala usilie kabla hajamaliza, maana ataanza kukubembeleza wewe na neno lenyewe litapotea. Akimaliza, mwambie: "Baba, ulisoma sawa. Niliyeibadilisha ni mimi." Kisha nendeni wote kwa bosi.

Kufokewa utafokewa, na kazi pengine itaondoka, siwezi kukudanganya. Lakini wewe ni kijana, utapata nyingine. Mzee Hashiru akishakabidhi grinda, nani atamrudisha?

Leo ni Ijumaa. Majina nimeyabadilisha, ila mabomba kumi na mawili nimeyaacha kama yalivyo. Gazeti hili limeshafika kwenye meza ya magazeti hapo Zegereni, na macho ya mzee ni mazima. Mtangulie kabla hajalisoma.