Kwangu Anaitwa Drop, kwa Jirani Anaitwa Renske

Shangazi Aleid mpendwa,

Nakuandikia kutoka hapa Dokkum, nimefunga mlango wa jikoni ili nisibadilishe mawazo, naomba msaada wako, na ukiweza unijibu kabla ya Jumatano ya wiki ijayo kwa sababu baada ya siku hiyo sijui kama nitakuwa na uso wa kuwatazama watu wa mtaa huu. Mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na saba, niliachika zamani, watoto wangu wako mbali na wana maisha yao, asubuhi napokea wagonjwa kwa daktari wa meno na nikirudi nyumbani mchana anayenipokea ni paka wangu, jike, mweusi tititi, ambaye nilimchukua shambani kwa watu akiwa na wiki nane, yapata miaka minne sasa.

Kumpa jina kulinichukua wiki tatu, Shangazi, usinicheke, maana sikutaka jina la kila mtu, mtaani kwetu ukifungua dirisha ukaita Luna wanakuja watatu, ukiita Moos wanakuja wawili, nami nilitaka langu liwe la peke yake, nikaandika majina kwenye karatasi na kuyafuta, mpaka siku moja natafuna drop, ile peremende nyeusi ya chumvi, nikamtazama nikasema, wewe ni Drop. Nilijiona mbunifu kweli. Nilipompeleka kuchanjwa binti wa mapokezi akaniuliza, "Drop wa nani? Maana ninao wanne hapa kwenye orodha." Basi niliumia kidogo lakini jina likabaki, akalizoea, nami nikalizoea.

Jirani yangu wa ukuta mmoja ni Mzee Wiebe, ana miaka themanini na mmoja, alikuwa fundi wa mabomba, mkewe Renske alifariki miaka miwili iliyopita. Ni mtu wa maneno machache, anavuta kiko, anafagia mbele ya nyumba yake na ya kwangu bila kuombwa. Mwezi wa tano nilichukua likizo, na asubuhi ya kwanza nikiwa nyuma naanika nguo nikasikia upande wa pili wa ua mlango unafunguliwa na Mzee Wiebe anaita kwa sauti ya upole ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Renske, njoo mama, kahawa tayari." Nikachungulia penye upenyo wa majani nikamwona Drop wangu, paka wangu mwenyewe, anavuka bustani mkia juu, anaingia ndani kama anayeingia kwake, anapanda kiti chenye mto mwekundu, na mzee anamwekea kipande cha samaki mkunga aliyekaushwa kwa moshi kwenye kisahani cha maua huku akimsimulia habari za gazetini.

Hapo ningefurahi, najua. Hata nilifurahi siku moja nzima. Lakini siku ya pili nilisimama kwenye mlango wangu, na mzee alipoanza kuita Renske nami nikaita Drop, tukaita pamoja bila yeye kunisikia maana masikio yake si mazuri, paka akasimama katikati ya bustani, akanitazama, halafu akaenda kwa mzee. Shangazi, mume wangu alipoondoka sikulia kama nilivyolia asubuhi ile. Nikajiambia huyu ni wangu, mimi ndiye ninayelipia chanjo, mimi ndiye niliyemtafutia jina, na mchana wake nikaburuta sanduku zito nikaliweka mbele ya kile kijimlango cha paka, nikamfungia ndani kwa siku tisa.

Siku ya tatu mzee alitoka na kisahani mkononi akawa anatembea mtaani na viatu vya ndani, mvua inanyesha, anaita, "Renske, Renske," akaenda hadi kwenye mfereji akawa anafungua matete kwa fimbo. Bi Jellie wa nyumba namba kumi na nne alimwona. Unaweza kukisia alifikiri nini, mtu anamtafuta mkewe aliyemzika miaka miwili nyuma, tena anamtafuta majini. Akampigia simu binti wa mzee, Tineke, anayekaa Zwolle na huja Jumapili tu, na Jumapili mimi niko nyumbani, kijimlango cha paka nakifunga, naye hukaa kwangu, ndiyo maana Tineke hajawahi kumkuta pale hata mara moja.

Kabla Tineke hajafika mzee aligonga kwangu. Alikuwa amelowa. Akaniambia, "Samahani jirani, hujamwona Renske wangu? Hajala tangu Jumanne." Na paka yuko juu anakwaruza mlango wa chumba changu, na mzee hasikii. Nikasema, "Hapana, Mzee Wiebe, sijamwona." Akashukuru akaondoka.

Tineke alipofika mzee akamweleza kuwa Renske ni paka, paka mweusi, huja karibu kila siku saa nne kunywa naye kahawa. Tineke akatafuta nyumba nzima, hakuna bakuli, hakuna chakula cha paka, hakuna chochote maana mzee huosha kile kisahani na kukirudisha kabatini. Akaja kwangu macho mekundu. "Dada, nisaidie. Baba anasema kuna paka mweusi anaitwa Renske. Wewe si una paka mweusi?"

Nikamjibu, "Wangu anaitwa Drop. Na huwa hatoki ndani."

Nusu ya kwanza ni kweli, Shangazi, na nimejificha nyuma ya hiyo nusu mpaka leo. Bi Jellie naye akathibitisha kuwa mtaa mzima hakuna paka mwenye jina hilo. Kwa hiyo Jumatano atakuja muuguzi wa kupima akili za wazee, na Tineke ameshapata chumba katika nyumba ya wazee Leeuwarden, chumba kizuri, ila wanyama hawaruhusiwi.

Siku ya kumi niliondoa lile sanduku, nikadhani mambo yatajirudia yenyewe bila mimi kufungua mdomo. Paka akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa mzee. Nilikuwa nimekwenda kazini lakini nilirudi mapema nikisingizia kuumwa kichwa, nikamkuta bado amekaa palepale kizingitini, na mzee yuko ndani nyuma ya kioo, wanatazamana, na hafungui. Nikagonga dirisha la mzee, akalifungua kidogo, nikamuuliza hali kwa sauti. Akasema taratibu, "Jirani, mimi namwona paka. Lakini Tineke amesema hakuna paka. Muuguzi akija sitamficha, nitamwambia ukweli kwamba bado namwona." Nami hata hapo nilinyamaza, nikaingia ndani.

Sasa niambie nifanye nini. Nikisema, Tineke hatanisamehe na mtaa mzima utajua. Tena labda mzee kweli ameanza kuchoka akili, mwaka jana aliwahi kusahau kuzima jiko, labda huko Leeuwarden atatunzwa vizuri zaidi. Au nimpe tu paka kimya kimya? Namba yangu ya simu nimeiandika nyuma ya bahasha.

Ni mimi, mwenye paka.

*

Mdogo wangu mwenye paka,

Barua yako haikusubiri zamu. Niliisoma Ijumaa nikiwa nimesimama, na kabla sijakaa nilikuwa nimeshakupigia simu. Niliyokuambia nayaandika hapa gazetini, na majina nimeyabadilisha kama tulivyokubaliana, kwa sababu wapo wengine wanaojificha nyuma ya nusu ya ukweli kama wewe.

Kwanza, upweke wako nauelewa. Mtu anayerudi kwenye nyumba kimya kila mchana ana haki ya kumpenda kiumbe anayemsubiri, na kuachwa kunauma hata anayekuacha akiwa na miguu minne. Siku ya kwanza ya wivu nisingekulaumu. Lakini uliendelea siku tisa, kisha ukamdanganya mzee aliyelowa mlangoni kwako, kisha ukamdanganya binti yake anayelia. Na hili la mwisho ndilo baya kuliko yote: umemwona mtu mwenye akili timamu akiacha kuyaamini macho yake mwenyewe, ukaingia ndani.

Usiniletee habari za jiko. Mimi nimesahau jiko langu mara mbili mwaka huu na hakuna aliyenitafutia chumba. Kama mzee anachoka, muuguzi ataliona hilo bila msaada wa uongo wako. Na kumpa paka kimya kimya ni kumpa nini? Atakuwa na paka ambaye anaamini hayupo.

Nilikuambia uende kwa mzee kwanza, wala si kwa Tineke, kwa maana aliyenyang'anywa kitu ni yeye. Nilisema, nenda mchana huuhuu, mbebe paka mikononi, mwambie mzee amguse. Kisha mpigie Tineke ukiwa umekaa mezani kwa baba yake, ili asije akasema kwamba mzee ameota. Jumatano uwepo na kitabu cha chanjo. Na kwa Bi Jellie nenda mwenyewe, usingoje asikie kwa wengine.

Wasomaji wajue kwamba ulikwenda. Ulinipigia Alhamisi iliyofuata, na hilo nakuhesabia.

Ulisema mzee alifungua mlango nusu, akamtazama paka, akakutazama wewe, akauliza, "Na wewe unamwona?" Ukajibu, "Namwona, Mzee Wiebe. Ni wangu. Nilimfungia ndani, na ulipokuja kuniuliza nilikudanganya." Akanyoosha mkono akamshika paka sikio. Halafu akakuambia, "Hizo siku tisa ningezisahau. Lakini mvua ilikuwa inanyesha, nami nilikushukuru." Akamchukua paka, akafunga mlango. Ulistahili, nawe ulilijua, maana hukuondoka. Ulisimama pale mpaka akafungua tena akakuruhusu uingie upige simu.

Jumatano muuguzi alimuuliza mzee tarehe, mwaka, na jina la mfalme, akajibu yote. Akamuuliza kwa nini paka anaitwa kwa jina la marehemu mkewe. Alichosema mzee ulinisimulia mara mbili kwenye simu. Alisema, "Miaka hamsini na mbili nilikuwa nikimwambia Renske afunge mlango, baridi inaingia. Baada ya mazishi nilikuwa bado nasema. Siku moja nikasema, Renske, mlango, na huyu akaingia. Ameitika jina, sasa ningemwita nani?" Muuguzi akafunga karatasi zake. Mzee anabaki kwake, na mama mmoja wa huduma za nyumbani atakuja mara mbili kwa wiki kumwangalizia dawa, na jiko pia.

Sasa uliniuliza mambo mawili yaliyobaki.

La kwanza ni jina. Unataka kujua kama umtake radhi mzee na kuanza kumwita paka Renske nawe, uonyeshe unajuta. Usifanye hivyo kabisa. Hilo jina ni la mzee, alilitamka miaka hamsini na mbili, alianza kabla wewe hujahamia mtaa huo, na kinywani mwako litakuwa maigizo. Kwako aendelee kuwa Drop, hata kama ni Drop wa tano kwa yule binti wa mapokezi. Paka anaweza kubeba majina mawili bila kuumia, na wewe uache kuhesabu anaitika lipi haraka. Asubuhi awe kwake, mchana awe kwako. Sanduku lipeleke darini. Na mzee akikukaribisha kahawa siku moja, nenda, kaa kiti kingine, ule mto mwekundu una mwenyewe.

La pili ni Tineke. Unasema alikusikiliza kwenye simu mpaka mwisho, akakata bila neno, na Jumatano alikupita mlangoni kama anapita ukuta. Unaniuliza kama umwandikie barua. Hapana. Barua unaandika wewe, unajipangia maneno unavyotaka, naye anabaki na hasira yake peke yake huko Zwolle. Mwanamke huyo alilia kwa wiki mbili akiamini baba yake anamtafuta mama yake ndani ya maji. Alisaini karatasi za kumtoa nyumbani kwake, na mkono uliosaini ni wake, wala si wako, ndiyo maana hawezi kukutazama.

Kwa hiyo Jumamosi hii panda basi mpaka Leeuwarden, panda treni mpaka Zwolle, ukagonge. Usibebe keki wala maua. Akifungua, usianze na upweke wako, wala usimwambie jinsi ulivyompenda paka. Sema, "Uliponiuliza nilikudanganya," kisha nyamaza. Lolote atakalosema, lisikilize ukiwa umesimama, na usiondoke mpaka amalize.

Shangazi Aleid