Kuta Zangu Bado Hazijapakwa Rangi

Kwa Mama mpenzi,

Shikamoo Mama. Natumaini goti limetulia na bado unabishana na daktari kuhusu chumvi. Mimi sijambo, na leo nikisema sijambo ni kweli. Katika barua tatu zilizopita nilikudanganya, na hii naiandika ili nijisafishe.

Kwanza asante kwa kunitumia Mjomba. Alipiga hodi Jumamosi asubuhi, ngazi begani, brashi tatu ndani ya ndoo, ovaroli tayari mwilini. Akasema umemwambia napaka rangi nyumba nzima peke yangu na nitavunjika kiuno. Mama, kosa ni langu. Niliandika "siku hizi napaka rangi" nikaishia hapo, nawe ukaona dari.

Ninachopaka ni kitabu. Kina michoro ya ndege na maua, nami naijaza kwa penseli za rangi pale mezani jikoni. Dukani wanakiita kitabu cha watu wazima, na kabla hujashika kichwa, maua ni maua tu.

Mjomba alitazama kuta zangu zilizobanduka rangi, akamtazama kasuku wangu mwenye bawa moja la kijani, akacheka mpaka akakaa chini. Nilidhani ataondoka na ngazi yake. Badala yake alivuta kiti, akachagua penseli ya zambarau na kunikaripia kwamba fundi huanza na kingo, si katikati. Miaka thelathini ya kuta, Mama, lakini kwenye ua moja tu alitoka nje ya mstari mara nne. Tukaendelea kupaka, na chai ikapoa.

Ndipo akafunua kurasa za nyuma, akahesabu michoro arobaini iliyokamilika, akaniuliza ni mkunga gani mwenye nafasi kama hiyo. Nikamweleza. Akasema hatanisemea, nikwambie mwenyewe.

Mama, ile likizo niliyokuandikia haikuwa likizo. Miezi miwili iliyopita mzazi mmoja alifia mikononi mwangu akijifungua. Daktari alisema hakuna ambacho yeyote kati yetu angeweza kufanya. Lakini tangu hapo kila nikivaa glavu mikono ilitetemeka, nikaomba nipumzishwe. Nilikuficha kwa sababu kila mgeni unamwambia una binti mkunga, nami nilishaanza kuandika barua ya kuacha kazi. Niliona aibu, na niliogopa sana.

Kitabu nilipewa na mwenzangu wa wodini. Moyoni nilimdharau. Lakini nikiwa nachagua rangi ya jani, kile chumba cha kujifungulia hakinijii kichwani, na siku moja nikagundua kuwa nimemaliza ukurasa mzima na penseli haijatetemeka.

Juzi nilirudi. Mkunga mkuu alisimama kando yangu, mikono nyuma. Alizaliwa mtoto wa kike, kilo tatu na kidogo, na kitovu nilikikata mimi, mkono umetulia. Mama yake akanitazama akasema, "Nesi, mtoto ameshanyamaza. Mbona wewe bado unalia?"

Nisalimie Baba, na mwambie Dada asinionee huruma, anitanie kama kawaida yake. Ukinikasirikia nitaelewa, ila uniandikie.

Mimi mwanao,
na bado mkunga.