Ufa Chini ya Mashua

Nchelenge, Jumanne jioni, 1954

Asubuhi muzungu wa misheni aliisifu mashua yangu ya kwanza mbele ya watu: "Fundi kama huyu hakuna ziwa zima!" Wakapiga makofi, nami nikacheka kama mjinga.

Ba Chola, muzee aliyenifundisha kazi, akapapasa chini ya mashua. Akaninong'oneza, "Huu ubao uko na ufa. Uliuona?"

Niliuona wiki iliyopita. Niliuziba kwa lami, nikanyamaza. Na kesho mashua ilikuwa ipeleke wamama na watoto kisiwani Kilwa.

Nikamwambia, "Tata, baba yangu, ni wivu tu." Akaenda zake.

Kila nikifumba macho niliwaona wale watoto ndani ya maji. Alasiri nikaenda misheni kwa yule muzungu. "Bwana, mashua isiende. Kosa ni langu." Akafunga mlango.

Sijui kama atanipa kazi tena. Naogopa. Lakini naogopa zaidi nikifikiri kama ningenyamaza.

Niliporudi ufukoni, Ba Chola alikuwa ameshaanza kung'oa ule ubao.

"Shika hapa," akasema.