Kwa Bibi Aliyejibu Wimbo wa Tatu

Bibi yangu,

Shikamoo. Ulinifundisha kwamba mtu hasemi shida yake kabla hajaitikiwa, kwa hiyo nimeweka kalamu chini kidogo, nikachukulia kwamba umesema marahaba, ndipo nimeendelea.

Nakuandikia kutoka Kijenge, mezani kwa mama, kwa sababu kuna habari inayokuhusu. Kaka Ami angeweza kukuandikia mwenyewe, lakini yeye angeongeza chumvi. Habari yenyewe ni kwamba kaseti imetoka. Inaitwa Ziara ya Dunia, na wewe umo ndani. Ilibaki kidogo tu usiwemo.

Unakumbuka siku ile walipokuja kwako? Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nangoja matokeo, na mama alikuwa amenituma nikusaidie kuchuma kahawa. Nilifurahi, maana kahawa haimuulizi mtu maswali. Shuleni, kila mwaka, waliandika kwenye ripoti yangu, "Sauti haisikiki." Uliposomewa ripoti hiyo ulisema, "Vizuri. Katika ukoo huu wanaoongea wanatosha."

Basi tukasikia honi, na pikapu ya mjomba ikapanda kati ya migomba, ile inayobeba kabichi. Safari hii ilibeba kaka Ami na gitaa lake, Gudi na kinanda chake cha betri, na kijana wa ngoma ambaye jina lake hukulishika hata siku moja, ukamwita Wewe-wa-Ngoma mpaka mwisho. Ubavuni walikuwa wamefunga kitambaa cheupe chenye maandishi mekundu: KIJENGE INTANESHENO BENDI. ZIARA YA DUNIA. USA, NANYUKI, SAMBU.

Ulinitaka nikusomee. Nilisoma kwa sauti yangu ile ya chini, ukaniambia nirudie, nikarudia, ukamgeukia Ami.

"Dunia ipi hiyo?"

"Bibi, hizi ni zama za biashara," Ami akasema. "Kila mtu ruksa kuuza chake. Mtu wa Dar akisoma USA na Nanyuki, atajuaje kwamba moja ni Usa River hapo chini na nyingine ni Ngare Nanyuki hapo nyuma ya mlima?"

"Kwa hiyo mimi naishi Marekani?"

"Juu kidogo ya Marekani, Bibi."

"Basi mbona maji ya bomba hayajafika?"

Ami akageuka kushusha gitaa. Mpaka leo Ami anadai lilikuwa swali la kisiasa.

Mpango wao ulikuwa kuuzunguka mlima Meru, wapige muziki kwenye magulio, na kila wanapofika warekodi wimbo mmoja au miwili. Studio zilikuwa Dar, na Dar hawakuwa na namna ya kufika. Walichokuwa nacho ni redio kaseti kubwa, moja ya zile zilizojaa ghafla kwenye maduka ya mjini, maduka yale yale tuliyokuwa tukipangia foleni ya sabuni. Ami aliibeba kama anabeba mtoto mchanga.

Kwa kuwa nilikuwa sina kazi nyingine, walinipa kazi ya kubonyeza. Ukibonyeza kitufe cha kucheza peke yake, unasikia kilichomo kwenye kaseti. Ukikibonyeza pamoja na kile chekundu, kilichomo kinafutika na kipya kinaingia. "Kazi hii inakufaa, dogo," Ami akasema. "Haina maneno." Nilijivuna nayo, Bibi. Ndiyo kazi ya kwanza niliyowahi kupewa kwa sababu ya ukimya wangu na siyo licha ya ukimya huo.

Betri za redio zilikuwa zimechoka tangu mjini. Ulizichukua, ukazianika kwenye kichanja pamoja na kahawa yako, ukawa unazigeuza kwa mkono ule ule unaogeuzia kahawa. Kuku akaruka juu ya kichanja. "Toka kwenye umeme!" ukamfokea. Sijawahi kuona kuku akikimbia vile.

Nyimbo mbili walikuwa wamesharekodi wenyewe gulioni Usa River; wa tatu ndio waliourekodi sebuleni kwako. Uliambiwa usitie neno, ukakubali, ukaenda jikoni kuangalia mtori wako wa ndizi. Tatizo lilikuwa Gudi. Asubuhi ile alikuwa ameonja mtori ukamchoma ulimi, na tangu hapo, kila alipopita mlango wa jikoni, aliuliza, "Bibi, umepoa?" Na kila mara ulimjibu vile vile. Kwa hiyo Ami alipofika mahali alipopapenda kuliko pote, macho kafumba, vyombo vyote vimenyamaza kama alivyowaagiza, akaimba kwa uchungu:

"Moyo wako kwangu, mpenzi, umepoa?"

Na wewe, kutoka jikoni, kwa sauti iliyozoea kuita watu walio ng'ambo ya korongo:

"Haujapoa! Subirini, mtaungua midomo!"

Wewe-wa-Ngoma alipiga ngoma ambayo haikuwa zamu yake. Gudi aliinamia kinanda, mabega yakimtetemeka. Ami hakufumbua macho. Aliendelea mpaka mwisho, maana betri za kuanikwa hazikuwa na nguvu ya kurudia. Baadaye alikuja jikoni kulalamika, ukamwambia, "Mtu akiuliza, anajibiwa," ukampa bakuli. Akala mabakuli mawili huku amenuna.

Walipotaka kuondoka walikukuta umekaa kiti cha mbele cha pikapu, umevaa kitenge cha kanisani, mkoba mapajani. Ami alisema, "Bibi, tunazunguka mlima mzima." Ukasema ndiyo maana umepanda. Ulikuwa umeutazama mlima huo kwa mbele tangu uzaliwe na hukuwahi kuonyeshwa mgongo wake.

Sisi wengine tulikaa nyuma, na vumbi la Ngare Nanyuki likatufanya wote wa rangi moja. Kule Oldonyo Sambu, kabla hawajafunga vyombo, ulishuka, ukasimama barabarani, ukautazama mlima. Nyasi zilikuwa za manjano na upepo ulikuwa unabeba mchanga. Kisha ukawaendea akina mama waliokuwa wanauza maziwa, ukawasalimia mmoja mmoja, ukawaambia, "Mtusamehe, jamani. Mvua yote inamalizikia kwetu. Hatukujua kama huku nyuma kuna watu."

Mmoja wao alicheka mpaka kibuyu kikamtoka mkononi. Akakuambia kwa Kiswahili chake cha taratibu, "Sasa umejua. Ukirudi, tuletee."

Tulipoikuta lami ya barabara ya Nairobi, kuteremka mjini, ulisema, "Haya. Dunia nimeizunguka. Sasa nirudisheni, ng'ombe hajakamuliwa." Ami ndipo alipoacha kubishana na watu kuhusu jina la kaseti. Alisema yupo angalau mtu mmoja ambaye kwake ni kweli tupu.

Masika yalipoanza, uliugua kwa muda mfupi, ukatuacha. Hayo unayajua. Usilolijua ni kwamba Ami hajagusa mtori tangu msibani. Mama akiupika, yeye anasema ameshiba, hata kama tumbo linasikika mpaka uani.

Sasa nakuja kwenye habari yenyewe. Sakina, kando ya barabara, kuna Mchaga mwenye duka la kurudufu kaseti. Kila mtu anamwita Mangi. Ami alimpelekea kaseti yetu, nami nikafuata kwa sababu redio ni yetu na mbonyezaji ni mimi. Mangi alisikiliza huku amekunja uso. Wimbo wa kwanza, sawa. Wa pili, sawa. Wa mwisho ulirekodiwa betri zikiwa zinakata roho na kaseti ikizunguka polepole, kwa hiyo kwenye umeme wake wote waliimba haraka kama panya waliofumaniwa ghalani, lakini hata huo akasema vijana watauchezea. Kisha akarudi kwenye wa tatu.

"Hapa," akasema. "Wimbo mzuri wa mapenzi, halafu mmemweka mama ntilie katikati. Wa nini?"

"Ni bahati mbaya, Mangi," Ami akasema.

"Basi leteni vyombo kesho. Tunarekodi huo mmoja upya, juu yake hapo hapo. Tunamfuta, biashara inaendelea."

Nilimtazama Ami. Nilijua atakataa. Ami, ambaye hubishana hata na saa ya ukutani, akasema, "Sawa, Mangi. Tumfute." Alisema haraka mno.

Bibi, hatuna sauti yako mahali pengine popote. Picha tunazo, ile ya kipaimara na ile ya kitambulisho ambayo umekasirika. Lakini sauti yako iko kwenye wimbo wa tatu tu. Usiku ule niliandaa maneno ya kumwambia Ami. Asubuhi, njiani, yakakauka yote, kama kawaida yangu.

Tulipangiwa chumba cha nyuma cha duka. Upande wa pili wa ukuta ni gereji, na Mangi alikwenda kuwaomba mafundi waache kugonga kwa muda. Wakaacha. Gudi akaweka vidole tayari. Wewe-wa-Ngoma akainua vijiti. Ami akafumba macho.

"Dogo, bonyeza."

Vidole vyangu viwili vilikuwa juu ya vitufe. Najua kilichotakiwa. Nikabonyeza kimoja.

Badala ya kimya, wimbo ukatoka kwenye redio, ule wa sebuleni kwako, na ng'ombe wako akilia kwa mbali. Ami akafumbua macho. "Umekosea, dogo, vyote viwili," akasema huku akija abonyeze mwenyewe, lakini hakuwahi kufika, maana Ami yule wa kwenye kaseti alikuwa ameshauliza moyo kama umepoa, na wewe ukajibu. Ukajibu kwa nguvu kuliko nilivyokumbuka. Ukajaza chumba, ukapita ukutani, na kule gereji mtu akaitikia, "Tuwekee na sisi!"

"Rudisha nyuma," Ami akasema. "Bonyeza vyote viwili."

"Sibonyezi."

"Umesema nini?"

"Nimesema sibonyezi!"

Bibi, hiyo sauti sijui ilikuwa imekaa wapi miaka yote. Hata mimi niligeuka kuangalia nani amesema. Wewe-wa-Ngoma alidondosha kijiti. "Kumbe anaongea," akamnong'oneza Gudi.

Mangi akaniambia kwa upole, "Binti, kitu cha kuuza lazima kiwe safi."

"Mtu akiuliza, anajibiwa," nikamwambia. Sikuwa na neno lingine, nikachukua la kwako.

Fundi mmoja alikuwa amechungulia dirishani, uso mzima oili. "Samahani, Mangi. Huyo bibi anasema kitu gani hakijapoa?"

"Mtori," nikasema. Ilikuwa mara yangu ya nne kusema siku ile. Nilikuwa kama bomba lililofunguliwa.

"Aisee. Hebu rudisha tusikie vizuri."

Nikarudisha, nikabonyeza kimoja. Safari hii Ami alipouliza, gereji nzima ilijibu pamoja nawe, "Haujapoa!" na spana zikagongwa kwenye bati. Mangi alitazama dirishani, akatazama redio, akatazama tena dirishani. Uso wake ulianza kukunjuka kidogo kidogo, kama mtu anayesikia harufu ya chakula.

"Usiguse," akasema. "Huyo mama ntilie asiguswe na mtu."

Ami alikuwa ameketi juu ya kreti ya soda, gitaa miguuni. Nilidhani amekasirika. Akasema bila kunitazama, "Sikutaka kumfuta, dogo. Ila nikifika hapo kwenye wimbo nasahau kama ameondoka. Nangoja aniite nikale." Kisha akafuta uso kwa kitambaa cha Gudi cha kufutia kinanda, akabaki na mstari mweusi shavuni, na Gudi kwa heshima hakumwambia mpaka tulipofika nyumbani.

Sasa kaseti inapigwa kuanzia Sakina mpaka stendi. Watu wameacha kuuliza jina lake, wanaomba "ile ya haujapoa". Wauza mitumba wanasalimiana nayo: mmoja anasema "Umepoa?" na mwenzake anajibu. Mangi ameandikisha kwenye jalada, kwa herufi ndogo chini ya majina ya bendi: Mwitikiaji, Bibi (USA). Kuna msafiri kutoka Dar alimuuliza Mmarekani huyo alijifunza wapi Kiswahili. Mangi akamwambia, "Kulekule kwao."

Mwezi ujao wanapiga kwenye sherehe ya harusi Usa River, na Ami anasema mahali pale hapawezi kuachwa patupu, lazima awepo mtu wa kukujibia. Ameniomba mimi. Naogopa, Bibi, nimejaribia chumbani mbele ya kabati na kabati lenyewe lilinitia aibu. Lakini nimekubali. Ni neno moja tu, na nimelisikia likisemwa vizuri.

Jana mama alipika mtori. Ami alikaa mezani, akavuta bakuli, akakaa analitazama. Nikamwuliza, "Umepoa?" Akacheka, akachukua kijiko.

Basi Bibi, pumzika, usihangaike na moto. Sisi wote tumekula. Na haujapoa.

Mjukuu wako,
Mbonyezaji